Mikono Iliyowahi

Mtungi wangu wa maji umepata ufa. Nilijua kwa pua kabla ya macho. Nilikuwa nimetoka sokoni, nikafungua mlango wa chumba changu hapa Bondeni, nikanusa udongo uliolowa, ile harufu ya mvua ya kwanza, ilhali nje jua lilikuwa linachoma na hapakuwa na wingu hata moja. Kisha nikaona sakafu. Maji yalikuwa yametambaa kutoka kona ya mtungi mpaka chini ya meza ninayofanyia kazi.

Niliugonga kwa kifundo cha kidole. Mtungi mzima ukigongwa huitikia kwa sauti ndefu, kama kengele ya kanisa la mbali. Wangu uliitikia kama mtu mwenye mafua. Nikakaa palepale kwenye maji, nikalia. Mama mwenye nyumba alisikia, akaja kuchungulia.

"Atu, kuna nini? Nani kafa?"

"Mtungi, mama."

"Mtungi?" Alinitazama, akautazama na mtungi. "Mwanangu, ndoo zimejaa madukani."

"Ulifinyangwa na bibi yangu."

"Oo." Alivua ndala mlangoni, akachukua tambara, akainama kunisaidia kufuta. "Pole. Hilo ni jambo jingine."

Sikumwambia yaliyobaki. Mtungi ule nusura usifinyangwe kabisa, kwa sababu ya neno moja nililolisema mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu. Neno lenyewe lilikuwa uongo. Nimelibeba miaka yote hii, na leo nataka kulitua hapa, mbele ya watu wa rika langu, ambao najua na nyinyi mna neno mnalolibeba.

Ilikuwa ile miezi ya kusubiri matokeo ya darasa la saba. Wenzangu walifurahi kwamba shule imekwisha. Mimi nilikuwa nimeacha kula. Nililirudia kichwani kila swali la hesabu, nikaliona jibu langu, nikalifuta, nikaliandika upya, na asubuhi nikaanza tena. Nilikuwa mtoto wa kurudia. Nikifunga mlango, narudi kuutikisa. Nikiandika barua na kukosea herufi moja, nachana ukurasa mzima. Baba, mkulima wa mpunga na kakao kule Makwale, alinitazama wiki mbili nikisukuma wali pembeni ya sahani, mwishowe akamwambia mama, "Mpeleke kwa bibi yake ziwani. Huku atatuishia mikononi."

Bibi, mama yake mama, alikuwa mfinyanzi. Kijiji chake kiko ng'ambo ya Matema, mahali ambapo milima inashuka moja kwa moja mpaka majini na kuwaachia watu ukanda mwembamba tu wa kuishi. Nyumba zimebanana kati ya mwamba na ziwa. Ukiamka unasikia mawimbi yakiviringisha kokoto, na unanusa dagaa wa usipa walioanikwa mchangani, na juu ya hapo harufu ya udongo mbichi ambayo haikutoka kamwe kwenye nguo za bibi. Methali inasema mfinyanzi hulia gaeni, na bibi kweli alilia gaeni: alikuwa na bakuli lenye pengo ukingoni, mazima yote yalikwenda gulioni Jumamosi.

Nilipokuwa mdogo zaidi nilidhani bibi anaongea na vyungu. Baada ya kuvichoma alivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa kusikiliza. Nilidhani anabisha hodi. Nilimuuliza ndani kuna nani. Alicheka mpaka akashika kiuno, akasema, "Kuna ufa au hakuna ufa. Hao ndio wenyeji wake."

Yeye na wanawake wengine watatu walifanya kazi chini ya banda moja la makuti. Kila mmoja aliweka donge la udongo juu ya kigae kipana, mkono wa kushoto ukakizungusha kigae, wa kulia ukainua ukuta wa chungu. Binamu yangu Tusekile, tuliyemwita Seki, aliyenizidi mwaka mmoja, alikuwa anafundishwa. Vyungu vyake vilipinda vyote upande mmoja kama watu wanaosikiliza umbea.

"Unausubiri udongo," bibi alimwambia. "Usiusubiri. Mkono utangulie, udongo uukute mkono uko pale. Ukingoja ufike ndipo upeleke mkono, umeshapinda."

Nililisikia neno hilo kila siku kwa mwezi mzima. Sikujua kwamba linanihusu.

Mwanzoni mwa mwezi alikuja mjomba Ambakisye, mdogo wake mama, anayeishi Mbeya. Aliniona nimekaa ukutani natafuna kucha, akaenda kwenye mkoba wake, akatoa kompyuta nzee yenye kifuniko kilichopasuka. Ndani yake kulikuwa na masomo ya kutengeneza magemu, ya Kiingereza, ambayo yeye mwenyewe aliyaanza akachoka.

"Shika hii," alisema. "Kichwa chako kinataka kitu cha kutafuna, kiache kucha. Nitaipitia Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Sikuwa nimewahi kugusa kompyuta. Nilijifunza peke yangu, kamusi pajani, nikisoma sentensi moja mara kumi. Betri ilidumu saa moja na robo, kisha niliibeba kompyuta kifuani kama mtoto mchanga mpaka nyumba ya mwinjilisti, ambako kulikuwa na umeme wa jua, nikaisubiri ijae. Wiki ya kwanza nilifaulu kuchora mraba unaotembea. Wiki ya pili mraba ule ulipata miguu na shingo, ukawa chungu kidogo. Seki akakipa jina: Kachungu.

Gemu lenyewe lilikuwa rahisi. Kachungu anatembea ufukweni, mbele yake kuna mawe yaliyotokeza majini, na ukibonyeza kile kitufe kirefu cha chini anaruka kutoka jiwe mpaka jiwe. Akikosa, anaangukia ziwani na kuyeyuka, maana ni udongo. Mawe yalikuwa kumi na mawili, na mwisho wake ni gulio.

Bibi alipoelezwa alishangaa. "Kachungu gani kanayeyuka majini? Basi aliyekafinyanga hakukachoma."

"Ni gemu tu, bibi."

"Hata kama ni gemu. Unampelekaje mtu gulioni hajachomwa?"

Wanawake wa bandani walicheka, na mimi nilicheka. Nilikula vizuri jioni ile kwa mara ya kwanza.

Kisha kikaja kile kitu. Kachungu aliruka akitaka. Nilibonyeza, akaruka. Nilibonyeza, akaruka. Nilibonyeza vilevile, kwa kidole kilekile, akatembea tu mpaka ukingo wa jiwe na kutumbukia kama hajasikia. Nikajaribu tena jiwe lilelile, akaruka vizuri. Kama angekataa kila mara, ningejua pa kuanzia. Lakini alikataa mara moja katika nne, au katika saba, bila mpangilio.

Wenzangu mnaoogopa makosa mnajua jinsi jambo la namna hiyo linavyoingia mwilini. Nilichukua daftari, nikaanza kuruka mara mia kila asubuhi, nikiweka alama ya vema au kosa. Niliongeza nguvu ya kuruka. Nilimpunguzia Kachungu uzito. Nilipanua mawe. Nilisafisha kibodi kwa unyoya wa kuku nikidhani ni vumbi la udongo. Siku moja nilifuta kila kitu nikaandika upya mwanzo mpaka mwisho, na Kachungu mpya akakataa kuruka kama yule wa kwanza.

"Gemu lako lina kiburi," Seki alisema. "Linataka kubembelezwa."

"Ni wewe unabonyeza vibaya."

"Mimi? Na wewe je? Nimekuona umetumbukia mara tano."

Nilikuwa nimeshapata pa kujificha: anayebonyeza ndiye mwenye kosa. Nilimwambia Seki hivyo, nikawaambia watoto wa jirani hivyo, na kwa kulirudia nikaanza kuliamini.

Siku moja bibi alisema naye ajaribu. Alikuwa amemaliza kusugua vyungu kwa kokoto lake jeusi. Alinawa mikono mpaka viwiko, akaikausha kwa kanga, akaja kukaa kwenye kigoda mbele ya kompyuta. Wanawake watatu wakasimama nyuma yake. Kwao ilikuwa sherehe.

"Haya, nionyeshe. Nabonyeza hapa?"

"Hapo, bibi. Akikaribia ukingo."

Alibonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kama anapima unyevu. Kachungu akaruka jiwe la kwanza, banda zima likashangilia. Akitua la pili, bibi akabonyeza. Kachungu akatembea, akatumbukia.

"Kameyeyuka!" akasema mmoja. "Rudia."

Alirudia. Jiwe la kwanza salama, la pili majini. Akarudia tena, majini. Mara ya nne, majini hata kwenye jiwe la kwanza. Kicheko kilianza kupungua. Nilisikia masikio yangu yanawaka. Hakuna mtu aliyefeli hivyo, hata watoto. Kila mtu sasa angeona kwamba kitu changu ni kibovu. Nikasema, kwa sauti iliyofika kila kona ya banda:

"Bibi, hujui kubonyeza. Mikono yako inachelewa. Imezeeka."

Nilisikia kokoto zikiviringika majini. Bibi aliitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena. Kisha akachukua ncha ya kanga, akafuta kitufe alichokishika, kisibaki na udongo wake.

"Haya," alisema. Akanyanyuka, akarudi kwenye kigae chake.

Laiti angenichapa. Bibi hakununa, hakunisema kwa mama. Ila kesho yake, donge kubwa alilokuwa ameliandaa kwa ajili ya mtungi, bora kuliko udongo wote wa mwaka ule, alilikata vipande, akaanza kufinyanga vibakuli. Mwenzake alimuuliza, "Vipi, na ule mtungi?" Bibi akajibu bila uchungu, kama anayetoa habari ya hali ya hewa: "Mtungi unataka mikono inayowahi. Mjukuu wangu amenifumbua macho, yangu siku hizi inachelewa. Acha nifanye vidogo." Siku iliyofuata alifanya vidogo, na iliyofuata tena. Donge la pili, kubwa kama la kwanza, lilikaa limefunikwa kwa gunia bichi, nalo lisingeweza kukaa hivyo milele.

Niliona, nikanyamaza. Najua hakuna njia ya kulisema hilo ikapendeza. Neno moja tu, "Bibi, hata mimi natumbukia," lingetosha, nami sikulisema, kwa sababu ningelazimika kukiri kwamba kazi yangu ina kasoro nisiyoijua.

Hapa lazima nieleze habari ya salamu. Kwetu mtoto wa kike akimsalimia mkubwa hupiga goti. Kwa upande wa baba yangu, shangazi alikuwa mkali mno kwa hilo. Goti lifike chini kwanza, ndipo useme "Mugonile." Ukitamka ukiwa bado unashuka, haitikii, anatazama mbali kama hajasikia kitu, mpaka usimame na kuanza upya. "Nani ananisalimia amesimama kama mgomba?" alisema. Nilijifunza kwake kwamba salamu iliyotangulia goti hutupwa.

Baada ya siku ile nilimwogopa bibi. Asubuhi nilipitia bandani haraka, nikaanza kusema "Mugonile, bibi" tangu mlangoni, nikagusa goti chini, nikanyanyuka, nikaondoka. Haitikii. Kesho yake tena, haitikii. Siku ya tatu, kimya. Mkubwa akikunyima mwitikio wa salamu, kwetu, hilo si dogo. Nilielewa kwamba nimekatwa. Nilikaa nyuma ya nyumba nikatafuna kucha mpaka damu, na chakula kikaanza kunishinda tena.

Siku ya nne Seki alinifuata huko.

"Bibi anauliza umepatwa na nini."

"Bibi hataki hata kuniitikia."

"Hakuitikii wewe?" Seki alinishangaa. "Anakuitikia kila siku! Unakuwa umeshaondoka. Anasema amechoka kuitikia mgongo."

Nilikwenda bandani na Seki nyuma yangu. Mdomo ulinitangulia kama kawaida: "Mugonile, bibi," nikiwa bado nimesimama. Nikapiga goti. Safari hii Seki alinishika bega, nikabaki chini. Bibi alimaliza kuzungusha kigae, akanitazama goti, akasema, "Ndaga, mwanangu. Ugonile."

"Bibi, nilidhani umenikasirikia."

"Kwa nini?"

"Huitikii."

"Naitikia. Wewe unasalimia kama unakimbizwa na nyuki. Unaanzia mlangoni."

"Sasa ikianzia mlangoni si imekosewa? Si unaitupa?"

"Nani kakwambia salamu inatupwa?" Bibi aliweka udongo chini. "Mtoto ameniamkia, ana haraka, mdomo umewahi kuliko goti. Nitaitupa kwa hilo? Naisikia tangu uko kule mlangoni. Naishika. Goti likifika chini, naitikia. Shida yako hukai."

Naishika. Goti likifika chini, naitikia.

Sijui kama mmewahi kusikia kitu kikigeuka ndani ya kichwa chenu, kama ufunguo uliokuwa umekwama. Nilinyanyuka bila kuaga.

"Ona!" nilimsikia bibi nyuma yangu. "Ameondoka tena!"

Nitaeleza kwa ufupi. Kompyuta huchora picha nyingi kila sekunde, moja baada ya nyingine, na kwenye kila picha gemu langu lilikuwa linauliza maswali mawili: kitufe kimebonyezwa sasa hivi? Mguu uko chini sasa hivi? Yote mawili yakiwa ndiyo kwenye picha ileile, Kachungu anaruka. Lakini mtu anayecheza huona jiwe linakuja, na kidole chake kinabonyeza kabla mguu haujatua, pengine kwa kupepesa tu kwa jicho. Kwenye picha hiyo kitufe ni ndiyo, mguu ni hapana. Picha mbili baadaye mguu ni ndiyo, lakini kitufe kimeshasahaulika. Ombi limetupwa. Nilikuwa nimelijenga gemu zima kwa sheria ya shangazi.

Kwanza nilitaka kuona kwa macho. Niliandika mstari mmoja ili kitone chekundu kitokee juu ya Kachungu kila kitufe kinapobonyezwa, nikamkalisha Seki. Kila alipotumbukia, kitone kilikuwa kimewaka Kachungu akiwa bado hewani. Hakuchelewa hata mara moja.

Ndipo nikamkumbuka bibi, kidole gumba chake, taratibu. Mikono iliyofanya kazi zaidi ya miaka arobaini kwa kuutangulia udongo. Aliwezaje kuchelewa, mtu yule? Alikuwa anawahi. Alifeli kuliko watoto wote kwa sababu mikono yake ilikuwa hodari kuliko yote, nami niliiambia mbele ya watu kwamba imezeeka.

Niliandika upya sehemu ile ya kuruka. Niliongeza kisanduku kidogo cha kumbukumbu. Kitufe kikibonyezwa, kisanduku kinashika namba sita, na kila picha inayopita kinapunguza moja. Mguu ukigusa jiwe kabla namba haijaisha, Kachungu anaruka. Anayetengeneza gemu hukipa kila kisanduku jina, lolote alipendalo. Changu nilikiita salamu.

Niliruka mara mia, nikiweka alama kwenye daftari. Vema mia. Nikarudia mia nyingine, mnanijua. Kisha betri ikalia, nikaibeba kompyuta mpaka kwa mwinjilisti. Gemu nilikuwa na hakika nalo. Nililoliogopa ni kurudi pale bandani.

Jumamosi asubuhi mjomba alifika kwa mtumbwi kuchukua kompyuta yake na kuwasaidia kupakia vyungu vya gulioni. Wanawake wote walikuwapo. Niliiweka kompyuta juu ya kigoda, nikapiga goti mbele ya bibi, na safari hii nilisubiri goti lizame mchangani kabla ya kufungua mdomo.

"Bibi, njoo ujaribu tena."

"Niache, mwanangu. Mikono yangu inachelewa. Si ulisema?" Hakuwa ananichoma. Aliamini. Ndiyo maana iliniuma hivyo.

"Nilisema uongo."

Mjomba aliacha kufunga kamba. Nikaendelea kabla sijakimbia.

"Gemu lilikuwa bovu. Hata mimi nilikuwa natumbukia, kila siku, nina daftari zima la makosa. Sikujua kwa nini, nikaona aibu, nikakusingizia wewe. Bibi, mikono yako haikuchelewa. Ilikuwa inawahi. Gemu langu ndilo halikujua kusubiri."

Seki ndiye aliyetangulia kusema: "Nilisema lina kiburi. Kumbe lilirithi kwa mwenyewe."

Banda likalipuka kwa kicheko, mimi nikilia. Bibi hakucheka. Alinawa mikono mpaka viwiko, akaikausha, akakaa.

Jiwe la kwanza. La pili. Nilitazama kidole gumba chake na si skrini, na kweli, kila mara kilishuka kabla. La tatu, la nne. Kwenye la tano mmoja wa wanawake alianza kupiga kigelegele, mwenzake akamziba mdomo. La tisa, la kumi. Kwenye la kumi na mbili Kachungu aliruka, akatua gulioni, na bibi akaondoa kidole kama anayeondoa mkono kwenye chungu kilichokamilika, polepole, kisiharibike.

"Kumbe kalichomwa," alisema.

Kisha akaitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena, kama siku ile. "Ambakisye," akamwita mjomba, "leo gulioni nenda na Seki. Mimi nina donge linakauka."

Alikwenda kwenye gunia bichi. Nilikaa mchangani nikamtazama akiuinua mtungi ule kuanzia kigaeni mpaka shingoni, siku nzima, mkono wa kulia daima ukifika mahali kabla ya udongo. Wiki mbili baadaye, ulipokwisha kukauka, kusuguliwa na kuchomwa, aliugonga, akasikiliza, akaniita niugonge na mimi. Ulilia kama kengele. "Huu hauendi gulioni," alisema. "Utakwenda na anayejua kusema 'nilikosea.' Hao ni wachache." Matokeo ya darasa la saba yalitoka baadaye. Nilifaulu. Nawaambia ukweli, sikumbuki nilipata alama ngapi.

Sijapona kurudia. Bado natikisa mlango mara mbili. Natengeneza magemu madogo ya simu sasa, na kila moja lina kisanduku kiitwacho salamu ndani yake, na anayecheza hajui. Anajua tu kwamba kitu kile kinamsikia. Nikiona mtu anashindwa kutumia kitu nilichokitengeneza, bado masikio yanawaka. Lakini neno linalonijia kwanza si lile tena. Nauliza: nimekosea wapi kumsubiri?

Jumamosi iliyopita nilikwenda ziwani kumwambia bibi habari ya mtungi. Nilibeba kipande cha kitako kilichomeguka pale ufani nilipojaribu kuuinua mtungi, nimekifunga kwenye kitenge, na njia nzima nilijipangia maneno. Bibi ni mzee hasa sasa. Kusikia kwake kumepungua, na mikono, safari hii kweli, inachelewa. Banda ni la Seki, ambaye vyungu vyake viliacha kupinda zamani.

Nilipiga goti. "Mugonile, bibi."

Alinitazama. Midomo ilicheza kidogo, haikutoa kitu. Zamani ningekuwa nimeshanyanyuka. Nilibaki chini, mchanga ukinichoma goti, mawimbi yakiviringisha kokoto zilezile. Seki alipita na maji, akatutazama, akaendelea na zake. Nilisubiri. Salamu ilikuwa inasafiri ndani yake, nilijua, ameishika mahali fulani.

"Ndaga, mwanangu," alisema mwishowe. "Ugonile."

Nikafungua kitenge, nikamwonyesha. Nilisema mtungi umepasuka, nilisema samahani mara tatu. Alikichukua kile kipande, akakipapasa ukingo wake kwa kidole gumba, akakiweka chini, akakizungusha. Kilizunguka vizuri, bila kuyumba.

"Unalia nini?" alisema. "Hiki ni kigae kizuri. Mpe Seki afinyangie."